Kamera ya pili harusini: Jua kali, ukumbi giza, utajiokoaje?

Leo tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuzungumzie kazi. Ipo kazi moja ambayo vijana wenzangu wa hapa Singida wanaipenda sana, wavulana kwa wasichana. Ni ile ya kupigiwa simu Ijumaa usiku na mpiga picha mwenye jina lake mjini, ukaambiwa kesho kuna harusi, njoo na kamera yako, wewe utakuwa wa pili.

Ukisikia hivyo unaruka juu. Utavaa vizuri, utakula kuku wa kienyeji, utalipwa, na wasichana wa kamati watakuita kwa jina. Safi kabisa! Lakini asikudanganye mtu, mshikaji. Kamera ya pili ndiyo inayobakiziwa mwanga mbovu kuliko wote. Mkubwa anasimama katikati ya kanisa, wewe unabanwa ubavuni karibu na nguzo. Mkubwa ana flashi tatu na stendi zake, wewe unayo moja, tena betri zake umeazima. Mkubwa anawapanga maharusi anavyotaka, wewe huna ruhusa ya kumwambia mtu yeyote ageuke.

Na harusi hairudiwi. Watu wamechanga miezi kadhaa, shangazi ametoka Kiomboi kwa basi, wajomba wameacha mashamba Manyoni. Hakuna bi harusi atakayekubali kuvaa tena gauni Jumatatu eti kwa sababu picha za kamera ya pili zimetoka nyeusi kama mkaa.

Sasa siri ni moja tu, na nitairudia mpaka uichoke: mkubwa amefungwa kamba na maharusi, wewe una miguu. Yeye lazima awafuate hata wakienda kwenye mwanga mbaya. Wewe unaweza kuutafuta mwanga mzuri mapema, ukasimama karibu nao, ukasubiri watu waje wenyewe. Ukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

JUA LETU HALINA MCHEZO

Tuanze na jua, maana ndilo linalowachemsha wengi. Mji wetu uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, katikati ya nchi, ukanda mkavu. Kiangazi mbingu ni nyeupe, wingu hulioni. Isitoshe, tuko kusini kidogo tu ya Ikweta, hivyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu ya utosi wako kabisa, siyo utani.

Matokeo yake mnayajua. Maharusi wanatoka kanisani saa saba mchana, matarumbeta yanalia, watu wanashangilia, na kila mtu ana mashimo meusi mawili mahali pa macho. Pua inang'aa, paji la uso linang'aa, macho hayaonekani. Bwana harusi na suti yake nyeusi anakuwa kama kivuli, bi harusi na gauni lake jeupe anakuwa kama taa.

Hapo kuna jambo wengi hawalijui. Jua halifiki katikati ya mbingu saa sita kamili hapa kwetu. Saa zetu zinafuata mstari ulio mbali sana mashariki, hivyo Singida jua linakuwa juu kabisa kama saa 6:40 mchana, likisogea mbele au nyuma kama robo saa kutegemea mwezi. Dar es Salaam linawahi kwa kama dakika 18. Kwa hiyo ukisikia mpiga picha wa Dar anapanga ratiba kwa saa ya kwao, mwambie kwa heshima kwamba saa saba ya kwetu bado ni utosi.

Utafanyaje? Kwanza, acha kufikiria miti. Ndiyo, mwembe una kivuli, lakini majani yanatoboa mwanga, na uso wa mtu unatoka na madoa kama chui. Kivuli kizuri ni kile kisicho na matobo: upande wa ukuta usiopigwa na jua, baraza la nyumba, mlango mpana wa kanisa. Yale mawe makubwa yaliyotapakaa kila kona ya mji wetu nayo yanasaidia sana mchana ukianza kugeuka, kwa sababu jiwe la ukubwa wa nyumba linatoa kivuli kizito kisicho na madoa.

Ukishapata kivuli, usiwapeleke watu ndani kabisa. Waache karibu na ukingo, nyuso zikitazama nje kwenye mwanga. Mbele yao kukiwa na ukuta mweupe unaopigwa na jua, umepata taa ya bure kubwa kuliko ya studio yoyote. Wale wenye riflekta za kukunja wajue kwamba upepo wetu nao una mambo yake. Ukiinua kile kitambaa bila mtu wa kukishika sawasawa, utakikuta kwa jirani. Ukuta haupeperuki.

Na pasipokuwa na kivuli hata cha dawa? Mpe mtu mgongo wa jua. Jua likimpiga kisogoni, uso wote unakuwa na mwanga sawa, hautakuwa mkali lakini hautakuwa na mashimo. Pima mwanga wa uso, siyo wa mbingu. Mbingu ikitoka nyeupe, basi, hakuna aliyekuja harusini kuitazama mbingu.

ZIWANI JIONI, KIMBIA!

Harusi za mjini kwetu nyingi hupenda kupita Singidani au Kindai kupiga picha. Sawa, ni pazuri, na ukibahatika utawakuta heroe. Ila tahadhari. Watu wamezoea kuona picha za Ulaya, jua limelala pembeni muda mrefu, mwanga wa dhahabu hauishi. Kule jua linatua kwa mshazari. Kwetu huku karibu na Ikweta linadondoka wima kama embe.

Singida jua linazama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni, mwaka mzima. Hesabu kama dakika 40 za mwanga laini kabla halijazama, na kama 20 nyingine za mwangaza baada ya kuzama. Baada ya hapo ni usiku. Msafara ukichelewa saluni au kwa chakula, dakika hizo hazikusubiri.

Hapa kamera ya pili ndiyo inayookoa jahazi. Wakati mkubwa anapanga kundi la ndugu, wewe tangulia majini. Angalia jua liko wapi, liko juu kiasi gani, maji yanang'aa upande gani. Maji ni kioo, yanakurudishia jua machoni na ndani ya lenzi, picha ikawa kama imepakwa maziwa. Kinga lenzi kwa kiganja chako, au sogea hatua mbili mpaka kichwa cha mtu kilizibe jua. Mkubwa akifika, mwonyeshe mahali. Asipopataka, usinune, ni kazi yake. Akipataka, mmeokoa dakika kumi.

CHUMBANI KWA BI HARUSI

Dada zangu wenye kamera, hapa sikilizeni vizuri. Zipo saa ambazo kamera ya pili ndiyo ya kwanza. Asubuhi wakati bi harusi anavalishwa, mkubwa yuko kwa bwana harusi. Kwenye ndoa ya Kiislamu, mkubwa akiwa mwanaume anabaki na wanaume kwenye nikaha, na huko ndani kwa kina mama anayeingia ni wewe. Ukiharibu hapo, hakuna picha nyingine.

Chumba chenyewe unakijua. Kidogo, watu kumi na tano, kuta za kijani au za pinki, balbu moja ya njano juu na dirisha moja lenye pazia. Ukipiga hivyo hivyo, shavu moja linatoka la njano na jingine la bluu. Siyo kamera mbovu. Ni mianga miwili yenye rangi tofauti inagombana. Ile balbu ya kizamani ina joto la rangi la kama Kelvini 2,700, mwanga wa kivulini wa dirishani unafika 7,000 na zaidi. Kamera haiwezi kuwaridhisha wote wawili.

Dawa yake haina gharama. Omba ruhusa, zima balbu, funua pazia, msogeze bi harusi akae ubavu kwa dirisha, mama yake naye upande huo huo. Kama kanga nyeupe au shuka ipo, mwombe mdogo wake aishike upande wa pili wa uso, irudishe mwanga kidogo. Ukuta wa kijani uuache mbali, kwa sababu ukuta nao unatema rangi yake kwenye ngozi. Hata turubai la bluu au la kijani uani linafanya hivyo hivyo, na wageni wote wanatoka kama wana homa. Chini ya turubai, wasogeze watu ukingoni nyuso zikielekea nje, au subiri watoke.

KAMERA HAINA AKILI

Sasa tufike kwenye ngozi, maana hapa ndipo heshima ya watu ilipo.

Kamera inapopima mwanga haimjui bi harusi wala bwana harusi. Imetengenezwa kuamini kwamba kila kitu duniani kikichanganywa kinatoa kijivu cha wastani. Ikiona gauni jeupe limejaa kwenye picha, inasema "mwanga umezidi", inapunguza, na nyuso za watu weusi zinazama gizani. Ikiona suti nyeusi na uso mweusi kwa karibu, inasema "mwanga haupo", inaongeza, na mtu anatoka amepauka kama aliyemwagiwa unga.

Na hili halikuanza juzi. Enzi za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa inapeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya kulinganishia rangi, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zilianza miaka ya 1950 na zikabaki na jina la Shirley. Rangi zikimkaa sawa yeye, basi mashine imekubali. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo ukiona albamu ya harusi ya wazazi wako na huoni sura ya mjomba isipokuwa meno, usimlaumu mjomba.

Leo huna kisingizio. Ukiwa ndani, pima uso kwanza. Sogea karibu, pima shavu lenye mwanga, kisha funga vipimo hivyo, usiiache kamera ijiamulie kila gauni linapopita. Ukiwa juani, linda gauni kwanza: kamera nyingi zina alama ya kumwekamweka kwenye skrini pale weupe ulipoungua. Nakshi zikishaungua hazirudi, lakini uso uliofifia kidogo unaweza kuuinua baadaye ukipiga kwa RAW. Na unapouinua, chonde chonde, usimbadilishe mtu rangi. Bi harusi mweusi ameolewa mweusi, mwache atoke mweusi anayeng'aa.

KANISANI USIJIFANYE RADI

Makanisa mengine hayataki flashi wakati wa ibada. Usikisie. Uliza kabla, kwa mchungaji, padri au mzee wa kanisa, na ukikatazwa, katazika. Kuwasha flashi usoni kwa padri wakati wa viapo ni kumharibia mkubwa jina na kujiharibia wewe riziki.

Bila flashi, ongeza ISO. Vijana wanaogopa chembechembe kama nyoka. Lakini picha yenye chembechembe inasomeka, picha iliyotikisika haina dawa. Weka ISO 3200, hata 6400, shata isishuke chini ya 1/125 kwa watu waliosimama. Ile lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo bei yake ni ya kawaida ukilinganisha na nyingine, itakufaa kuliko lenzi ndefu ya kuazima inayokula mwanga. Angalizo: ukifungua mpaka 1.8 kwa watu wawili walio umbali tofauti kutoka kwako, mmoja anaweza kuwa wazi na mwenzake ukungu. Funga kidogo.

Na usipige kuelekea dirishani bila sababu. Mkubwa yuko katikati, anapata maharusi kwa mbele. Wewe zunguka kimya kimya upande wa madirisha, uwe na mwanga mgongoni au ubavuni, uwapate wazazi wakifuta machozi. Ndiyo picha ambazo mkubwa hawezi kuzipata.

UKUMBINI, ZAMBARAU IMEINGIA

Usiku sasa. Mshereheshaji anapiga kelele, taa za LED za zambarau ukutani, nyekundu kwenye meza kuu, dari limefunikwa vitambaa. Unaelekeza flashi juu kama ulivyofundishwa, mwanga unagonga kitambaa cha zambarau na kurudi zambarau. Angalia dari kwanza! Kama si jeupe, tafuta ukuta mweupe nyuma yako au pembeni, elekeza huko. Kama hakuna, tumia mwanga wa moja kwa moja kidogo tu, ulainishe kwa kipande cha karatasi nyeupe.

Kumbuka pia mwanga unavyochoka njiani. Mtu aliye mita 2 kutoka kwenye flashi akipata mwanga sawasawa, aliye mita 4 anapata robo yake tu. Ndiyo maana kwenye foleni ya kucheza kuleta zawadi, wa mbele anaungua na wa nyuma ni giza. Simama ubavuni mwa foleni, wote wawe umbali unaolingana na wewe.

Halafu kuna ile mistari myeusi inayokatiza picha. Wengi wanadhani kamera imekufa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona. Weka shata 1/100 au 1/50, mara nyingi mistari inatulia. Taa nyingine zina mapepe yake tofauti, na umeme ukikatika mkahamia jenereta mambo yanaweza kubadilika. Piga picha za majaribio kabla wageni hawajaingia, kuza skrini, tazama.

Mtu wa video ndiye rafiki yako mkubwa. Ana taa inayowaka muda wote. Usimzibe, usigombane naye. Ukisimama ubavuni mwake, taa yake inakuwa yako, na nyuso zinakuwa na umbo. Keki ikikatwa, yeye na mkubwa wako mbele, wewe nenda pembeni. Flashi ya mkubwa ikiingia kwenye picha yako na kuiunguza, usilalamike, piga mbili tatu mfululizo. Na kile kidude cha kuwashia flashi kwa mbali, kiweke chaneli tofauti na chake, la sivyo kila ukibonyeza unamwashia taa zake na kumalizia betri.

BIBI KWENYE KONA

Nimalizie na hili. Kwenye kila ukumbi kuna bibi. Amewekwa mbali na spika kwa sababu ya kelele, na mbali na spika ndiko kwenye giza. Mkubwa hamwoni, ratiba haimruhusu. Wewe unamwona.

Usimpige na flashi ya ghafla akiwa anatafuna. Msalimie kwanza, shikamoo bibi, kaa naye kidogo. Tazama mwanga wa karibu uko wapi, labda mlango wa jikoni, labda taa ya meza. Mwombe ageuke kidogo tu, au kama ni mzito kunyanyuka, geuza kiti chako wewe, mwanga umwangukie shavuni. Pima uso, vuta pumzi, bonyeza.

Sisemi haya kwa huruma. Mara nyingi familia inapofikwa na msiba, picha inayowekwa mbele ya jeneza inakatwa kutoka kwenye picha ya harusi, kwa sababu ndiyo siku ya mwisho mzee alivaa vizuri na kuna mtu aliyekuwa na kamera. Familia hiyo haitauliza nani alikuwa mpiga picha mkubwa na nani wa pili. Watauliza kama sura ya bibi inaonekana.

Basi Jumamosi ukiitwa, nenda mapema, linganisha saa ya kamera yako na ya mkubwa ili picha zisichanganyike, usigawe namba zako kwa wageni wake, usirushe picha mtandaoni kabla yake. Chaji betri zako mwenyewe. Na kabla hujabonyeza chochote, zunguka ukumbi mara moja bila kamera, utafute mwanga umejificha wapi.

Kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda!